Kisiki Bila Mti

Baba mdogo alikuwa akitembea mbele ya trekta, fimbo mkononi, vitambaa vyekundu vikining'inia mfukoni, na mimi nilikuwa ukingoni mwa shamba nikimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeachwa peke yake sebuleni. Nyasi zilikuwa zimempita kichwa. Kilichoonekana ni ncha ya fimbo tu, ikipanda na kushuka, na mara mojamoja mkono wake ukimwelekeza dereva apite kulia au kushoto.

Hivyo ndivyo tulivyofyeka nyasi kwetu. Mashine inayokokotwa na trekta haina macho; ikikutana na jiwe au kisiki, kisu kinavunjika na kazi ya siku imeishia hapo. Kwa hiyo lazima mtu atangulie, apapase chini kwa fimbo, na penye hatari achomeke kijiti chenye kitambaa chekundu. Dereva akiona chekundu anazunguka. Haulizi. Enzi za nguvu zake, baba ndiye aliyetangulia. Alipofariki, baba mdogo aliichukua ile fimbo bila kuombwa na mtu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuwashonea watu nguo mjini mpaka macho yakaanza kunigomea. Nilitaka kufuga ng'ombe. Mama alifurahi, lakini furaha yake haikukamilika, maana kila gari liliposimama barabarani alinyanyua shingo. Alikuwa akimngoja kaka yangu.

Kaka aliondoka kwa sababu ya pampu. Baba alikuwa na pampu ya maji ya dizeli, ya magurudumu mawili, na aliipenda pampu ile kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo tulivyomtania. Aliiogopea wezi. Kila alipomaliza kumwagilia aliifunika turubai, akaifunga kwa mipira ya tairi la baiskeli, akaikokota na kuificha kwenye nyasi, leo hapa, kesho pale. Basi asubuhi moja haikuonekana. Tuliitafuta familia nzima, baba akiwa mbele anatuonyesha maficho yake moja baada ya jingine, na yote yalikuwa matupu. Jioni akamwita kaka mbele ya majirani, akamwambia aseme amemuuzia nani. Kaka alikana mara moja tu, kisha akanyamaza, na baba akauchukulia ule ukimya kuwa ni kukiri.

Kaka akakunja nguo zake. Mlangoni alimwambia mama kwamba atakanyaga tena pale siku pampu itakapoonekana. Tulidhani ni hasira, zitapoa. Wapi! Hata kwenye mazishi ya baba hakuja. Alipiga simu tu kutoa pole, na mama alilia siku ile kuliko alivyomlilia marehemu.

Sasa nirudi kwenye nyasi.

Trekta lilikuwa la jirani wa ng'ambo ya kijito, na dereva wake tulimwita Gia Moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiingiza ya pili. Alikuwa mtu wa kunung'unika: jua lilimkera, mvua ilimkera, nyasi fupi zilimkera kwa kuwa hazikuhitaji trekta. Alipomaliza upande wa juu alikuja kunywa maji, akashusha sauti, huku jicho lake likiwa kule chini kwenye bonde ambako baba mdogo alikuwa akichomeka vijiti. Akaniambia kwamba yeye hufyeka shamba hili kila mvua zikiisha, tangu msiba wa baba, na kila mara hukutana na kisiki kilekile karibu na mfereji. Kisiki chenyewe hajawahi kukitia machoni. Huonyeshwa vitambaa tu, naye hukiachia kichaka kikubwa kama chumba.

"Dada," akaniuliza, "hicho kisiki ni cha mti gani?"

Nimekulia pale. Kule chini palikuwa na matuta ya kabichi na mfereji, basi. Hapakuwahi kuwa na mti.

Machale yakanicheza. Tena mimi si mtu wa kuamini haraka. Kitambaa nilichopimiwa dukani huwa nakipima tena nyumbani. Nikaanza kuunganisha mambo. Nilipofika tu, baba mdogo aliniambia nisihangaike na upande ule kwa sababu una nyoka. Baadaye ukawa na tope. Leo una kisiki. Na ni nani aliyekuwa akilisha ng'ombe wake kwenye shamba letu miaka yote hiyo, bila kijana wa kiume nyumbani wa kumuuliza lolote? Damu ikaanza kunichemka. Nikavua kandambili zangu, nikavaa mabuti ya marehemu baba yaliyokuwa kibarazani, nikashuka bondeni.

Nilimkuta anachomeka kijiti cha mwisho. Nikamuuliza kwa adabu zote kuhusu mti. Akasema ni wa zamani, nilikuwa mdogo.

"Nilikuwa nikimwagilia kabichi hapa hapa, baba mdogo."

Hakunitazama. Aliitazama nyumba kule juu, mahali mama alipokuwa amekaa. Jasho lilimtiririka shingoni, na asubuhi ile haikuwa ya joto. "Liache hili eneo," akasema. "Nakuomba kama baba yako."

Lile neno la baba ndilo lililonimaliza. Nikang'oa kitambaa cha kwanza, kisha cha pili, kisha vyote, nikavikusanya mkononi na kumpungia Gia Moja aje. Nilimwambia anyanyue kisu na aende polepole; akaniuliza kama kuna mwendo mwingine ninaoujua mimi ambao yeye hana habari nao. Baba mdogo alisogea pembeni.

Trekta likaingia kichakani. Nyasi zikalala, vipande vikaruka, harufu mbichi ikajaa puani. Halafu tukasikia chuma kikikwaruza chuma, Gia Moja akazima injini.

Nikaingia kwa mikono. Niligusa kwanza gurudumu, tairi lake limepasuka. Nikafumua majani, turubai likatokea, limepauka, limeraruka pembeni, na chini yake umbo ambalo ningelitambua hata nimefumba macho. Hasira zikanipanda. Neno mwizi lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Nilitaka tu nifungue turubai kwanza, nimuonyeshe kitu chenyewe, nimtupie usoni.

Nikashika mpira uliofunga turubai, na vidole vyangu vikajua kabla ya kichwa changu.

Lilikuwa fundo la baba. Alizungusha mara mbili, akapitisha ncha chini, akairudisha juu, akaifutika ndani isionekane. Alifunga hivyo lango, kuni, hata mkoba wangu wa shule. Mama alikuwa akiyakata mafundo yake kwa kisu, maana hayakumfungukia mtu. Kaka peke yake ndiye aliyejua kuyafungua, kwa ukucha wa kidole gumba, huku akipiga mluzi ili kutuudhi.

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nikakumbuka mwaka ule pampu ilipopotea, baba akianza kuniita kwa jina la dada yake, nasi tukicheka tukidhani anatania. Na ni yeye aliyetuongoza siku ya kuitafuta pampu. Tuliitafuta mahali alipokumbuka yeye.

Baba mdogo alikuwa amevua kofia. Alisema aliiona mwaka uliofuata, akimtafuta ndama aliyepotea, na wakati huo kaka yake, baba yetu, alikuwa hajui tena hata choo kiko wapi.

"Ningemwambia nini? Kwamba amemfukuza mwanawe kwa jambo alilolifanya mwenyewe?"

"Na alipokufa?"

Aliikunjakunja kofia mikononi. "Alipokufa nikaona haya kwa kuwa nilichelewa. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia mama yenu. Kisha nachomeka vitambaa."

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Nikamwambia kwamba miaka yote hiyo mama amekuwa akinyanyua shingo kila gari likisimama, na yeye anamwona, kisha anakwenda kuswaga ng'ombe wake. Labda alimsitiri kaka yake kweli. Labda majani ya bure yalimnogea. Mpaka leo, akija kutusalimia na kukaa kibarazani, huwa namtazama mikono yake na kujiuliza, na sijapata jibu la kuniridhisha.

Mama aliteremka mwenyewe, taratibu, akishikilia mabua. Aliinama akagusa fundo, akaliacha, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga palepale, mikono imejaa majani. Nyuma ya sauti ya kaka nilisikia nyundo; alikuwa fundi wa magari siku hizo. Nikamwambia pampu imeonekana. Akauliza ilikuwa wapi, kwa sauti kavu, kama ya mtu anayeuliza habari za nyumba ya wengine.

"Chini, karibu na mfereji. Baba aliificha akasahau. Fundo lake lipo vilevile."

Nyundo ikaendelea kugonga. Nikaliita jina lake.

"Msilifungue," akasema. "Nakuja kulifungua mimi."

Mama hakunisubiri nimwambie, alikuwa amesikia. Aligeuka akaanza kupanda kuelekea nyumbani, haraka kuliko alivyoshuka. Gia Moja akawasha injini. Mimi nikavichukua vile vitambaa vyekundu, nikavichomeka tena kuizunguka pampu, na yeye akazunguka bila kuuliza.