Kikohozi cha Wifi Tusekile

Hakuna mwenye pumzi kama mimi kwenye kilima hiki chote. Naenda kanisani kwa miguu huku naimba, sisimami hata mara moja. Kanisa lenyewe liko bondeni. Kurudi nabebwa na bodaboda.

Asiye na pumzi ni wifi yangu Tusekile, mke wa mdogo wangu Andendekisye. Hajawahi kuvuta sigara maisha yake, lakini anakohoa tangu mvua za mwaka jana. Kifua kikuu amepimwa, hana. Andendekisye aliapa mbele ya mchungaji kwamba sigara ameacha. Binti yao Pendo, aliyeko Makongolosi, akaleta mtungi wa gesi, moshi wa kuni ukaondoka. Kikohozi kikabaki, kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku hiyo ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaingia mpaka sebuleni kwa wifi, tukawa tumekaa ndani ya wingu na vikombe vyetu vya chai. Humo kwenye wingu akatokea Gloria, binti wa Iringa, mtafiti wa magonjwa, anayepita nyumba kwa nyumba.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti kabla hujapotea."

Akaeleza kazi yake taratibu, kwa ile sauti ya Kihehe inayopanda na kushuka kama barabara ya kwenda kwao. Wanachukua watu mia wanaoishi na moshi wa sigara, na mia wasioishi nao, kisha wanatazama kila upande wangapi wanaugua kifua.

"Ndipo tunajua moshi unaongeza hatari mara ngapi," alisema. "Ila mtu akidanganya, anamweka mgonjwa upande usio wake, na ugonjwa wake unakosa jibu."

Nikafumba macho ili nisikie vizuri. Wazee ndivyo tunavyosikia. Nikawaona wote wanapanda Loleza kwenye ukungu, mistari miwili. Mstari mmoja una vimoto midomoni, vinawaka na kufifia, vinawaka na kufifia. Mara mtu anaketi kwenye majani, kama aliyechoka tu. Mwingine anaketi. Kwenye mstari wa giza pia wanaketi, lakini mmoja huku, mmoja kule. Kwenye mstari wa vimoto wanalala kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Kisha nikawaona wake zao wakitembea kando yao, hawana kitu mdomoni, nao wanaketi. Wifi yangu alikuwa anatafuta pa kuketi. Nikafungua mdomo nimwite asiketi, ukatoka moshi.

"Wifi, unakoroma," akasema Tusekile.

"Nilikuwa nahesabu watu."

Gloria akatoa kimashine cha kupuliza, kinachoonyesha moshi uliomo kwenye pumzi. Nikaanza mimi. Kikalia pii.

"Bibi! Unavuta?"

"Navuta moshi wa kuni, mjukuu wangu. Wa bure."

Akacheka, akasema ni kweli, hata moshi wa jikoni hukipandisha. Andendekisye alikuwa amefika mlangoni, kofia mkononi, anasikiliza kwa umakini ambao hajawahi kuuonyesha kanisani.

Tusekile akapuliza kidogo, kikohozi kikamkatiza, akapuliza tena. Namba ikawa ndogo.

"Bibi, humu ndani kuna anayevuta sigara?"

Tusekile akamtazama mumewe. Alimtazama kama mtu anayeomba asiambiwe.

"Aliacha."

"Basi nikuweke kwa wale wasioishi na moshi?"

"Ngoja na yeye apulize kwanza."

Andendekisye akajivuta, akapuliza. Kimashine kikalia mpaka nikakionea huruma. Changu kilikuwa kilio cha kifaranga tu.

"Ni jiko hilo!" akasema haraka. "Asubuhi hii nimempulizia mke wangu moto. Kuni zenyewe mbichi, moshi wote umeniingia mimi. Si umesema wa jikoni nao unahesabika?"

"Nimesema, babu," Gloria akajibu, na kalamu yake ikabaki hewani.

Tusekile akakohoa. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, kisha akamwuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia habari za shambani:

"Baba Pendo, kwenye yale mafiga kuna kuku anaatamia, leo wiki ya pili. Alikupisha saa ngapi?"