Makosa Kumi na Tisa

Sikia, hii hutaiamini: siku ile gari lilimwambia fundi cherehani mmoja ukweli wote ambao mwenye gari alikuwa ameufunika kwa mkono wake mwenyewe. Sikutanii.

Fundi alikuwa amekuja kulikagua kabla ya kulinunua, na shemeji yake, makanika, alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kutu ipo?" fundi cherehani aliuliza.

"Ya juu juu tu, shem. Chasisi nzima kabisa! Ningekuwa sijamuoa mdogo wako ningelioa gari hili."

"Nitamfikishia."

Alitania, lakini muda ulikuwa unamwishia. Mwisho wa mwezi jengo alilopanga linabomolewa, na chumba chake ndicho cha kulala, ndicho cha kushonea. Alishatafuta kingine mpaka soli zikaisha. Ndipo akaliona hili: gari kuukuu la safari lenye kitanda, sinki na jiko ndani. Cherehani ingekaa pale mezani, na yeye angewafuata wateja walipo. Ila likiwa linavuja, gauni za harusi za watu zitaota ukungu, na jina lake liishe.

Kwa hiyo walikagua, si mchezo. Kabla ya kuwasha, shemeji aliweka kiganja kwenye boneti kama anayepima homa, maana wauzaji wengine huwasha injini mapema ili isigome mbele ya mteja. Ilikuwa ya baridi, na ikawaka mara moja. Moshi haukuwa na rangi. Oili safi. Fundi naye akapanda kigoda, akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa, kisha akaingia mbio kuangalia dari. Hata tone!

Likabaki jiko. Alikuwa ameshachomoa njiti ya kiberiti pale macho yake yalipogota kwenye kitambaa cha bluu ukutani, juu ya kitanda.

Akasogea. Mshono ulikuwa umeyumba kama hatua za mlevi, uzi mara mbili, fundo limeachwa nje.

"Mzee, hapa ameshona nani?"

Mwenye gari, mstaafu aliyefunga miwani yake kwa kamba, akakohoa. "Pambo tu hilo, mama."

"Pambo kwa uzi wa viatu?"

Mzee akaingia katikati, mgongo ukutani. "Hapo usipaguse."

Shemeji akafuta mikono kwenye ovaroli. "Shem, twende zetu. Ukiona hivyo ujue kumeoza."

Fundi hakusogea. Alishaona hadi mahali pa kuweka birika! Akapitisha mkono pembeni ya mzee, akagonga ukuta. Ko, ko. Mkavu. Sasa kinachofichwa ni nini?

"Mwache afungue!" sauti ya mke wa mzee ikatoka dirishani mwa nyumba yao. "Au nije nifungue mwenyewe?"

Mzee akashusha pumzi, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango. Fundi akarudisha njiti kwenye kiberiti, akashika mkasi mdogo unaoning'inia shingoni mwake kila siku, akakata uzi mmoja mmoja. Kitambaa kikaanguka. Nyuma yake, ukutani, mke wa mzee alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MAKOSA YA BABA WATOTO. MVUA SIKU TATU, TUMEKWAMA.

Akasoma kwa sauti. La kwanza, anakoroma. La pili, haulizi njia mpaka tupotee. La tatu, akipotea anasema ni njia ya mkato.

"Mimi niliishia hapo," mzee akanung'unika. "Nikafunika."

La saba: mpira wa gesi umepasuka nyuma ya jiko, ameufunga kwa selotepu, anasema hauna neno.

Fundi akageuka kulitazama jiko.

Shemeji akaruka, akapaka povu la sabuni kwenye mpira. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Akafunga mtungi haraka. Fundi akakiweka kile kiberiti mezani taratibu, kama yai.

"Wallahi nilishaisahau hiyo selotepu," mzee akasema, uso umempauka.

La kumi na moja: dirisha la juu linavuja gari likiegeshwa limeinama. Kumbe ndiyo maana ndoo haikusema kitu: leo gari limesimama tambarare!

"Mpira mpya, silikoni kidogo ya kuziba dirisha," shemeji akahesabu vidoleni. "Asubuhi moja tu, shem. Yote yanatibika!"

Fundi akacheka, pumzi ikamtoka yote kwa mara moja. "Nalichukua. Sasa najua ninacholalia."

Halafu akamalizia ukuta. La kumi na tisa: jana usiku alinifunika blanketi lake, akatetemeka mpaka asubuhi, akakana kuwa ni yeye.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Basi kishone tena kitambaa, mwanangu," akasema polepole. "Wateja wako wasije wakanisoma."

"Asishone!" mkewe akajibu, sasa yuko mlangoni, mikono ina unga. "Asome kila mtu!"

Fundi akaketi kitandani, kitambaa cha bluu magotini. Akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano, akawatazama wote wawili.

Ungekuwa wewe, ungeshona?