Uji wa Mchana

Mtaani Bulla Pesa hakuna siri, na anayekwambia zipo hajawahi kupanga chumba huko. Ukuta ni bati, na bati halina aibu. Ukikaanga kitunguu, ploti nzima inajua umepata mafuta. Ukigombana na mumeo, vyumba vinane vinanyamaza ili visikie vizuri. Watu hawana sinema, redio ni moja tu, ya fundi cherehani, basi wanatazamana wao kwa wao kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kila mtu ni mtaalamu wa maisha ya mwenzake. Mji gani huu!

Na ndani ya ploti kama hiyo, Januari ile ya vita vya shifta, Habsa alikuwa amemficha mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, Jama. Alikuwa na duka Garbatulla, hadi watu walipokusanywa na serikali na kutiwa ndani ya seng'enge, asitoke mtu bila kibali. Jama alitoka. Alipita chini ya waya, waya ukamchana paja, akajikokota siku sita hadi kwa dada yake, akaanguka mlangoni na homa. Sasa nani angeamini kwamba ni waya? Siku hizo Msomali mwenye jeraha na asiye na kibali alikuwa na jina moja tu, shifta, yaani mwasi. Askari wakishakupakia kwenye lori, hakuna anayekuja kusema ulishushwa wapi. Mwezi uliopita walimpakia Halkano, mchunga ng'ombe wa ploti ya pili, na mkewe bado anaulizia.

Habsa alikuwa mjane mwenye chumba kimoja na pazia moja. Jama alilala nyuma ya pazia. Akikohoa, Habsa anakohoa juu yake, kikohozi kikubwa cha kutengeneza, mpaka kifua chake mwenyewe kikaanza kuuma kweli. Vitambaa vya jeraha alivifua ndani na kuvianika chini ya kitanda. Yote hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni uji.

Maana ilikuwa Ramadhani. Mgonjwa hafungi, dini imemruhusu, na Jama hakuweza kumeza kitu ila uji mwepesi, kidogo kidogo, saa nne, saa saba, saa tisa. Hebu fikiria mwenyewe: Mwislamu, mtu anayeishi peke yake, anawasha jiko saa nne asubuhi mwezi wa Ramadhani, anakoroga uji, anaingia nao ndani na kufunga mlango!

Wa kwanza kuona alikuwa Gakii, jirani wa ukuta mmoja, Mmeru muuza ndizi, mwanamke mwenye moyo mweupe na macho yasiyopumzika.

"Ai, Habsa dada yangu!" akacheka. "Hata wewe imekushinda? Usijali. Mimi Kwaresima ilinishinda siku ya pili."

Habsa aliinamisha kichwa. "Tumbo linanisumbua," akasema.

Baada ya siku tatu wote wanaochota maji mferejini walikuwa wanajua. Ati Habsa, yule anayewafundisha wasichana wa mtaa kusoma Kurani, anakula mchana! Wenye watoto wakawaondoa kimya kimya. Faduma, bibi waliyekuwa wakifuturu pamoja kila mwaka, alipewa salaam aleikum njiani akapita bila kuitikia. Hiyo ilimchoma Habsa hadi kwenye mfupa. Alirudi chumbani akalia akiwa amejiziba mdomo kwa leso. Lakini alijiambia, wacha waseme. Maadamu wanasema ninakula mimi, hakuna atakayeuliza kama kuna mwingine. Na kumbe alikuwa amefunga, tena kwa njaa kuliko wote, kwa sababu unga wake wa futari ndio uliokuwa unamlisha Jama.

Siku ya tisa homa ikaanza kushuka. Jama aliweza kuketi.

"Abaayo," alimwita dada yake hivyo tangu utotoni, "mbona umekonda?"

"Ni mfungo tu. Kunywa."

Binamu yao Kulmiye, mwenye lori la ngozi, alikuwa amekubali kumpeleka Nanyuki Ijumaa, amelala chini ya mzigo. Ilikuwa Jumatano. Siku mbili tu, ee Mungu, siku mbili.

Saa nne hiyo ya Jumatano Habsa anakoroga uji uani, mara Gakii huyo anarudi mbio kutoka mfereji, uso umejaa furaha.

"Dada, leo nimewanyamazisha!"

"Nani?"

"Wale wa foleni! Wameanza tena, Habsa mnafiki, Habsa mlafi. Nikawaambia ngojeni kwanza! Mimi naishi na huyu mama. Midomo yake imepasuka na kiu. Jua likitua ndio nasikia akinywa maji, anakunywa mpaka anahema. Huyu anafunga kuliko nyinyi nyote! Huo uji si wake, nikawaambia, kuna mgonjwa ndani anamlisha. Nimesikia vikohozi viwili, dada, mimi si mtoto. Kama ni TB, ndugu ni ndugu, aibu ya nini? Wakanyamaza wote! Faduma alijifunika uso."

Mwiko ulimtoka Habsa mkononi.

"Nani walikuwepo?"

"Wote! Faduma, mama Kanana, Kagure..."

Kagure alikuwa mke wa askari.

"Kagure alisema nini?"

"Aliacha tu debe lake kwenye foleni akaenda." Gakii alianza kutabasamu tena, halafu tabasamu likamfia usoni. "Habsa? Ni nani yuko ndani?"

Habsa aliinyanyua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akasimama katikati ya uwanja, jua likiwaka, akapiga kelele. "Tokeni mnione! Ni mimi! Ninakula mimi, Gakii ni mwongo! Tokeni!" Milango ikafunguka. Mwanamke ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuvunja mfungo kwa makusudi aliugugumia uji ule wa moto mbele ya watu wote, ulimi ukiungua, machozi yakimtoka, uji ukimtiririka kidevuni. Gakii alishika kichwa. "Wacha, Habsa, tafadhali wacha."

Alikuwa bado anakunywa askari wanne walipoingia. Hawakuuliza chumba. Walimtoa Jama wakimshika makwapa, naye akafinya macho, maana siku tisa hakuwa ameona jua. Kisha akamwona dada yake na sufuria.

"Abaayo," akasema, kama mtu aliyedanganywa. "Unakula mchana?"

Habsa alitaka kumjibu, lakini kinywa kilikuwa kimejaa. Alipomeza, walikuwa wameshamvusha lango.