Kengele za Jost Umberger

Jost Umberger alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kengele zake. Kutoka Lancaster hadi Pittsburgh hakukuwa na mwenye gari la farasi asiyezijua. Zilining'inia kwenye matao ya chuma juu ya mabega ya farasi wake sita, na gari likiwa bado nyuma ya kilima, wapishi wa nyumba za wageni walishaanza kumkatia nyama. Wenzake nao walikuwa na zao, lakini njia ile ina desturi yake: ukikwama, akaja mwenzako akakuvuta kwa farasi wake, unavua kengele zako unampa. Hakuna mjadala. Jioni unaingia kwenye nyumba ya wageni kimya kimya kama mwizi, na watu wanakucheka mpaka unatamani kulala zizini. Jost hakuwahi kutoa zake, na wala hakuwahi kuacha kuwaambia watu hivyo.

Tena kwa kucheka wenzake alikuwa hajambo. Peder Rauch alipofika siku moja bila kengele, Jost alimfungia farasi wake kikombe cha bati na kijiko shingoni, vikawa vinagongana njia nzima ya kijijini. Peder alicheka pamoja na waliomcheka. Angefanya nini?

Mwaka ule theluji ilichelewa kuyeyuka, na ilipoyeyuka ikaigeuza barabara ya Mlima Laurel kuwa uji. Jost alipanda akiwa na shehena ya mapipa ya chumvi na vyuma vya majembe, mzigo ambao mtu mwenye akili zake angeugawa mara mbili. Kwenye kona iliyo chini ya kilele, gurudumu la nyuma lilizama lote na gari likalala upande.

Hakuogopa, kwa sababu alikuwa na Liesel. Huyo alikuwa farasi jike wa kijivu, aliyefungwa kushoto karibu na magurudumu, na ndiye ambaye Jost alimpanda safari zote. Wale watano wengine walimtazama yeye masikio tu, akienda wanaenda. Hakujua mjeledi. Kila Jost alipomnong'oneza neno, alijitupa mbele kwa kifua chote. Veronika, mke wa Jost, aliwahi kusema kwamba mumewe anamsemesha Liesel kuliko anavyomsemesha yeye, na hakuwa anatania sana.

Jost akashuka topeni, akamnong'oneza. Liesel akavuta, gari likatikisika, likarudi palepale. Akamnong'oneza tena, ikawa vilevile. Liesel alikuwa amezeeka, jambo ambalo watu wote wa barabara ile walishaliona isipokuwa bwana wake.

Hapo ndipo Velten Schaub alipotokea nyuma yao, akiwa na gari lililobeba vitambaa na farasi ambao hata jasho hawajatoa. Velten alijifunzia kazi kwa Jost, na tandiko la kwanza kulikalia maishani mwake lilikuwa la Liesel. Hakucheka. Alishuka, akaja akamwekea Liesel mkono kifuani.

"Mzee, niwafungue wangu niwaweke mbele ya wako," alisema. "Tukivuta pamoja linatoka sasa hivi."

"Nimekuomba?"

"Hujaniomba. Ila huyu mama kachoka. Hebu mguse hapa, moyo unavyomwenda mbio."

"Huyo nilimjua wewe hujajua hata kufunga kamba."

Velten akashauri washushe mapipa. Jost akamwonyesha wingu, akauliza kama chumvi ikilowa atailipa yeye. Velten akaziangalia zile kengele, akaelewa, akashusha sauti ingawa mlima mzima haukuwa na mtu.

"Kengele zako sizitaki, Mzee Jost. Tuvute, kila mtu aende na zake. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Ilikuwa kauli nzuri, na Jost mwenyewe aliipenda alipojisikia akiitamka. Ndiyo iliyomuua Liesel.

Kwa kuwa maneno ya kunong'ona yalikuwa yameshindwa, alichukua mjeledi, akampiga. Liesel aligeuza sikio moja kumwelekea, kama anayeuliza kama amesikia sawasawa, kisha akavuta. Akavuta mpaka gurudumu likaanza kupanda, na Jost akapiga ukelele wa furaha, eti ameshinda. Damu ikamtoka Liesel puani. Magoti yakamlegea, akaanguka kwenye tope na kuwavuta wenzake upande, na Velten akaruka na kisu kuzikata ngozi zilizomfunga. Jost alipiga magoti, akamlaza kichwa mapajani. Liesel akapumua kidogo, akaacha.

Velten hakuuliza tena. Aliwafunga farasi wake mbele ya watano wa Jost, akawaita, na gari likatoka mara moja, kirahisi kabisa. Jost angefurahi kama lingekataa. Alizivua kengele zote, akamfuata nazo mikononi.

"Chukua."

"Kaa nazo."

"Ni haki yako, Velten. Umenivuta."

"Ungenipa kengele hizi Liesel akiwa bado mzima, ningezipokea, na jioni ningekununulia wiski." Velten alikuwa anakunja mnyororo, hakumtazama. "Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Wewe ulikuwa umemkalia tu unanipigia kelele."

Akaondoka, akapitiliza moja kwa moja hadi kituo cha mbele. Jost akazirudisha kengele mahali pake, kwa kuwa hakujua pa kuzipeleka, isipokuwa zile za Liesel, ambazo alizilaza juu ya mapipa. Zililia njia nzima ya kushuka. Alizichukia kwa mara ya kwanza, na hakuwa na namna ya kuzinyamazisha.

Kwa Mama Kunigunda, mwenye nyumba ya wageni chini ya mlima, walimsikia mapema. Alipoingia uani wanaume walikuwa wamejipanga na vikombe, wanampigia makofi: katika matope yale, Umberger kaja na kengele zake! Kisha wakaliona pengo kati ya farasi.

"Liesel kafa," Jost alisema. "Nimemuua mimi, kule juu. Velten alitaka kunivuta nikakataa."

Kofia zikavuliwa. Mama Kunigunda alimletea kigoda na kikombe, akamwekea mkono begani kwa huruma ya kweli.

"Pole, Jost wangu," alisema. "Lakini shukuru, kengele zako umekuja nazo."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Jost aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hata mtu mmoja ambaye angemcheka, asimpate.