Gari ya Kumupokea Bibi Yangu

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kutafuta gari. Tiketi ya ndege, otele, hata chakula ya asubui, yote Amandine alishalipa kutoka Ubelgiji. Amandine ni mudogo wa bibi yangu. Alipiga simu siku ya Mungu, tumetoka misa, akasema, "Shemeji, nimewapa vakansi, juma moja, Zanzibar. Weye tafuta tu shofere wa kuwapokea pale uwanja wa ndege, awapeleke otele. Hiyo utaiweza, eh?" Aliuliza sawa vile wanaulizaka mutoto wa primere. Nikamujibu kwa hasira kidogo: "Amandine, minye ni sudere. Nusu ya milango ya chuma ya hapa Kasenga ni minye niliichomelea. Gari njo itanishinda?"

Ilinishinda. Na ngoja niwaelezee vizuri, juu hapa mutaani kila muntu anaeleza yake.

Bibi yangu anaitwa Bernardine. Mungu hakutupa mutoto, kwa hiyo hakuna wa kumwita mama fulani. Minye namwita Bernardine, bantu wengine wanamwita Mwalimu. Amenipita umri, na si kidogo. Siku ya ndoa yetu shangazi yangu Apollinarie, ambaye mudomo yake haijawahi kupata mulango, alisimama katikati ya bantu akauliza, "Mama mukwe tumemuona. Sasa bibi arusi atakuja saa ngapi?" Bantu wakacheka mupaka wakashika tumbo. Hata padri alicheka, nilimuona. Bernardine pia alicheka, lakini tangu ile siku hatembei pembeni yangu barabarani. Tukienda kanisani, yeye anatangulia, minye nafuata mbali, utasema hatujuani. Foto hapendi. Nikimuuliza, anasema, "Acha, Venant. Bantu wana macho."

Njo maana ile vakansi ilimuingia mu roho. Kwanza alikataa. Kisha nilimukuta anapiga pasi robe yake ya manjano, akaniuliza bila kunitazama:

"Kule hakuna muntu anatujua?"

"Kule? Hata mumoja."

"Basi kule tutatembea pamoja. Utanishika mukono."

Ee Mungu wangu, nilisikia kifua inajaa. Bibi yangu hakuwa anaenda kutazama maji. Maji tuko nayo, ziwa Tanganyika iko hapa chini, tunaoga, tunafua, samaki yake tunakula mupaka tunachoka. Alikuwa anaenda kuwa bibi yangu mbele ya macho ya bantu, bila muntu kucheka. Ni hiyo tu alitaka, na ni haki yake.

Basi, gari. Amandine alinitumia namba ya shofere mumoja wa kule, Pandu, ambaye alishapokea rafiki za Amandine. Nikakaa mu atelie yangu ya kuchomelea, nikamuandikia WhatsApp polepole, na heshima, juu nilijua bantu wa pwani wanasemaka Kiswahili ya kitabu. Niliandika: "Jambo sana Bwana Pandu. Ni minye Venant, wa Uvira, Congo. Nakuja vakansi na bibi yangu. Tunaomba gari ya sisi peke, hatutaki kuchanganywa na bantu wengine. Bibi yangu anapenda heshima."

Akajibu mbio: "Karibuni sana kaka Venant. Ni jambo la kheri kumleta bibi matembezi. Vijana wa siku hizi hawakumbuki hayo."

Nilifurahi sana. Nikakimbia nyumbani kumusomea Bernardine. "Unasikia? Anasema kumuleta bibi matembezi ni jambo ya heri!"

"Kumbe bantu wa kule wamelelewa," akasema, akaanza kucheka peke yake.

Pandu akaandika tena: "Samahani kaka, bibi ana umri gani? Anatembea vizuri?"

Hapo damu ilinipanda. Ekye! Muntu hata hujamuona, unauliza umri wa bibi yake? Nilifikiri pengine mudomo ya shangazi Apollinarie imevuka ziwa, imevuka Tanzania yote, imefika mupaka kule. Sikumusomea Bernardine ile. Nikajibu: "Amenipita umri na minye sina shida na hiyo. Iko na nguvu. Anatembea kunishinda."

Yeye akanitumia ka sura kanacheka. "Mashallah, Mungu amuweke. Lakini safari ni ndefu. Nimwandalie kiti cha magurudumu?"

Angeandika shez rulante ningemuelewa mara moja. Lakini kiti cha magurudumu? Kiti, najua. Magurudumu ni mapine. Kiti yenye iko na mapine, sasa hiyo si gari? Nikasema moyoni, hawa bantu wa pwani kwa kuzungusha maneno! Nikaandika: "Ndiyo, ndiyo, njo tunaomba hiyo. Iwe ya safi." Kuuliza si ujinga, wazee walishasema. Lakini minye, Venant, niulize muntu maana ya kiti? Aka! Kichwa yangu ni ngumu kushinda chuma ninayochomelea.

Siku ya safari tulivuka mupaka pale Kavimvira asubui, tukapita Gatumba, tukafika uwanja wa ndege wa Bujumbura. Bernardine iko mu robe ya manjano, kichwa juu. Binti wa pale mbele akachukua pasporo yake, akaitazama, akamupa karatasi ya kupanda. Akachukua yangu, akageuza, akarudisha, akaita mukubwa wake.

"Papa, hii pasporo inakaribia kufa. Kule wanataka ibakie na myezi sita. Yako haifikishi."

Nilijieleza mu Kirundi. Nikajieleza mu Kifaransa. Nikajieleza mu hasira. Binti hakupandisha hata sauti. "Nta kundi, papa," akasema. Hakuna namna ingine. Nyuma yetu bantu wanasukuma sanduku zao, mutoto mumoja analia, na minye nimesimama pale na suti yangu mupya.

Bernardine akashika sanduku yake. "Turudi nyumbani."

"Hapana. Weye enda. Amandine amelipa, itapotea bure. Nitatengeneza pasporo nikufuate." Wote wawili tulijua kama hakuna pasporo ya kutengenezwa mu juma moja.

"Niende kwa nani, Venant? Sijapandaka ndege. Nani atanipokea?"

"Pandu. Nimeshapanga yote. Utatoka inje, utakuta muntu ameshika jina yako, gari iko tayari, ya weye peke."

Alinitazama sana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sababu binti alikuwa anasikiliza: "Ulimwambia kama niko bibi yako?"

"Kila mesaji. Haiko hata moja nilisahau."

Akaenda. Nawaapia, ni juu ya ile jibu njo alienda. Bila ile, tungerudi wote Kasenga. Alipita mulango ya vioo, akageuka, akainua mukono, mara hakuonekana tena.

Minye nikarudi peke yangu kuvuka mupaka, na suti yangu. Kwenye atelie sikushika hata nyundo. Nikamuandikia Pandu: "Minye wamenizuia. Bibi yangu anakuja peke. Naomba umuchunge sana, sana."

"Usijali kaka. Huyu sasa ni bibi yangu na mimi."

Wee! Nilisimama. Ni bibi yako na weye namna gani? Nikapiga ile simu vidole: "Bwana Pandu, tusikilizane vizuri. Bibi ni wangu peke!" Akatuma tena ile sura inacheka, mara hii tatu. Nikabaki natembea mu atelie, naenda narudi, nawaza nimemutuma bibi yangu mu mikono ya muntu wa namna gani. Na kumufikia siwezi. Niko hapa na ziwa yangu, yeye iko juu ya mawingu.

Jua ilikuwa inaanza kushuka upande wa milima wakati foto iliingia. Rezo ya simu yetu munaijua: foto ya pale uwanja wa ndege imechelewa sana kufika. Foto ilifunguka kuanzia juu, kidogo kidogo: kwanza paa ya jengo, kisha karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa BIBI BERNARDINE KARIBU. Nikasema, aksanti Mungu. Kisha kichwa yake, imevalishwa maua. Kisha robe ya manjano. Kisha mapine.

Mawe! Bibi yangu alikuwa amekaa mu shez rulante. Mukoba iko juu ya magoti, Pandu mwenyewe, kijana wa kanzu nyeupe, iko nyuma yake anasukuma na meno yote inje. Bernardine yeye alikuwa anatazama kamera na uso ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya ndoa.

Nikamupigia. Hashiki. Nikapiga tena, hashiki. Nikamupigia Pandu.

"Pandu! Bibi yangu ameanguka? Wamemuvunja miguu?"

"La, kaka! Mzima wa afya. Kile kiti ulichoagiza nilimpelekea mpaka mlangoni. Alisita kidogo, nikamwambia, usione haya bibi, mjukuu wako ndiye aliyeagiza. Basi akakaa."

"Mujukuu gani? Yule mama hana mujukuu!"

"Wewe, kaka Venant."

"Minye? Minye ni mujukuu? Yule ni bibi yangu!"

"Ndiyo. Bibi yako."

"Si bibi! Ni bibi! Ule nilimuoa! Kanisani! Ule nalalaka naye!"

Nilisikia tu gari zinapita nyuma yake, na bantu wanaitana kwa mbali.

"Astaghfirullah," Pandu akasema polepole. "Kaka, unasema mkeo?"

"Ndiyo, muke wangu!"

"Sisi huku bibi ni mama yake mama yako. Au mama yake baba yako. Nami nilipoona picha yako ya WhatsApp, ya kijana, ukasema amekupita umri..." Hakumaliza. "Na hotelini nimewaambia hivyo hivyo. Wamempa chumba cha chini, asipande ngazi. Wamempikia uji."

Uji! Nikakaa chini juu ya rundo ya vyuma. Muke, hiyo neno naijua, padri anaisemaka kila ndoa. Lakini nani mu Kasenga anasema muke wangu ndani ya nyumba? Ni bibi yangu, kila muntu, baba yangu alisema vile, na baba yake. Wale walirudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania wananicheka mupaka leo, ati hata mutoto anajua hiyo. Vizuri. Wakati wa vita minye sikukimbilia Tanzania, nilikimbilia Burundi. Nililia pale, sioni haya kusema. Nililia na suti.

"Pandu, ndugu yangu," nikasema, "nakuomba kwa jina ya Mungu wako na wangu. Rudi kwake. Mwambie. Minye hanishikii simu. Piga hodi mupaka afungue."

"Narudi sasa hivi. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Nikangoja. Kungoja vile, muntu asiombee hata adui yake. Nilikuwa nikitazama ile simu na kuisemesha. Nilitaka kumupigia Amandine, nikaogopa sauti yake. Nilitaka kumupigia Pandu, nikaogopa kumukatiza akiwa katikati ya maneno. Sikuwa na mulango ya kufungua, sikuwa na barabara ya kushika. Mukono yangu inajua chuma, na kule hakukuwa chuma.

Simu ikaita. Ni Bernardine.

"Bernardine! Amekufikia? Amekueleza?"

"Amenieleza. Alipiga magoti mulangoni, masikini. Wananihamisha chumba, wananiletea matunda. Kila muntu anasema samahani mama, samahani mama."

"Eh, aksanti Mungu! Umeona sasa? Ni neno tu! Kwao bibi ni ingine, kwetu ni ingine. Sikukuficha, Bernardine, kila mesaji niliandika bibi yangu, bibi yangu, nitakutumia usome weye mwenyewe..."

"Nimesoma. Amenionyesha simu yake." Akacheka kidogo, ile kicheko ya ndani ya pua. "Sikuzaa hata mumoja, Venant, na leo nimepata mujukuu."

"Ni kosa ya neno, bibi yangu. Ni neno tu."

"Neno ni yako, na nimeisamehe. Ile haiko shida." Nikasikia anakaa juu ya kitanda. "Lakini yule kijana alikuwa na ile neno mu kichwa, kisha nikatoka mbele yake, akanitazama kwa macho yake mwenyewe. Hakuuliza mara ya pili. Aliona ni sawa. Na minye, aliponisukumia ile kiti, nilikaa."

Nilitafuta neno mu Kiswahili yangu, nikatafuta mu ile ya Pandu. Nikamwambia alale, safari imemuchokesha. Ni hiyo tu nilipata ya kusema.