Walioshuka na Magogo

Kabla ya alfajiri kifuniko cha mtungi kiligongagonga, bibi akajua chura ameamka. Akamtoa, akachota maji ya chai, akamrudisha. Kitandani kakakuona alikuwa bado anakoroma. Bibi mwenyewe alikuwa amelala mkekani. Mgeni hapewi mkeka.

Wageni hao waliletwa na mwanawe, dereva wa lori la magogo. Kila alipotoka msituni, mmoja wao alikuwa amepanda juu ya mzigo, akashuka mlangoni na kumwamkia bibi shikamoo. Wa mwisho ulikuwa mti mchanga. Ulifuta mizizi kwenye gunia la mlangoni ndipo ukaingia.

Dereva alipita mashimoni taratibu wasije wakaanguka. "Huko wamebaki wachache, mama," alisema. "Wabanebane tu."

Bibi akawabanabana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Habari zikafika ng'ambo. Wakaja wataalamu wa nchi kadhaa pamoja na ofisa wa wizara. Waliukuta mti jikoni, wakaupima. Mtaalamu mmoja alivua viatu bila kuambiwa, na bibi akampenda kwa hilo. Kisha wakatia saini kwenye meza yake: nyumba ile sasa ni hifadhi ya kimataifa, na hifadhini haishi mtu.

Bibi akauliza habari za msitu. Ofisa akamweleza kwa upole kwamba msitu una mkataba wake na wakata mbao, ulishasainiwa.

"Na mimi niende wapi, mwanangu?"

"Kwa mwanao, bibi. Si anakaa mahali?"

"Anakaa kwenye lori."

 Ofisa akambebea mkeka hadi nje.

Siku hizi bibi hulala nyuma ya kiti cha dereva, na lori hupita na magogo mbele ya hifadhi kutwa. Jumapili huruhusiwa kuingia kama watalii wengine, asivuke kamba, asiguse kitu.

Jumapili iliyopita aliukuta mti umenyauka, majani yamejikunja kama vidole vya mgonjwa. Kumwagilia kumekatazwa mpaka wataalamu wakutane tena. Bibi akatoa chupa ya maji kifuani. Mlinzi akageukia dirishani, akaanza kupiga mluzi.

Mti ukanywa maji yote. Bibi alipokuwa akijifunga kanga aondoke, ukamwinamia.

"Jumapili ni mbali, bibi," ukasema. "Huwezi kuja kabla?"