Rupia Yenye Jino

Kokuberwa alitoka Muleba kwa miguu mpaka Bukoba mjini, sonara amtobolee rupia yake ya Mjerumani aivae shingoni. Majirani walimcheka. Mwingereza alikwisha kuleta shilingi zake, na rupia ile haikununua tena hata chumvi. Wacheke tu! Mumewe, Karugendo, ndiye aliyempa, asubuhi aliyochukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Aliiuma mbele yake, akacheka: "Tazama, imekubali jino. Hii ni halali!"

Vita viliisha. Wenzake walirudi, wengine wamekonda mifupa mitupu. Karugendo hakurudi, wala hakuna aliyejua kusema alizikwa wapi.

Sonara Premji aliidondosha rupia juu ya jiwe. Ikalia ko, kama kokoto. Akaigeuza, akaona alama ya jino lililopinda.

"Mama, nani aliyeuma hapa?"

"Mume wangu. Alikuwa anaipima."

"Alipima vibaya. Dhahabu ndiyo inayokubali jino. Rupia ni ya fedha, na fedha ni ngumu. Hii ni risasi, madini laini, iliyopakwa fedha juu juu. Ni ya bandia, mama."

Kokuberwa aliichukua rupia. Alipitisha kidole kwenye kile kishimo, kama alivyofanya kila jioni akitoka kibanjani kwenye migomba yake.

"Kwa hiyo ingekuwa ya kweli, jino lake lisingebaki?"

"Lisingebaki hata kidogo."

Akairudisha mkononi mwa fundi.

"Basi toboa, baba. Ila toboa upande ule mwingine."